Pedi ya Ndani

Usukani ulianza kutetemeka mwezi wa pili,
kwenye kona ya saba kutoka juu,
pale misonobari inaposogelea barabara kama inaomba lifti.
Nilidhani ni mikono yangu.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, na mama, kiti cha nyuma,
alihesabu kona kwa sauti, kama anavyohesabu vidonge.
Wiki iliyofuata ukatetemeka tena,
na safari hii nilikuwa nimelala usingizi wa kutosha.

Fundi wa Jeseník alitaka koruna elfu sita.
Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri hadi duka la vipuri:
diski mbili ndani ya boksi, nzito kama sufuria za harusi,
pedi nne, kopo la dawa ya kusafishia.
Muuzaji, bwana Vlastimil, akauliza: mumeo anaijua kazi hii?
Nikamjibu, gari ni langu.
Akaniongezea glavu, bure.

Jumamosi. Ua wa nyuma, theluji imeshakuwa tope.
Nati nilizilegeza gari likiwa bado chini;
kisha jeki, kisha stendi,
maana jeki peke yake ni ahadi ya mlevi.

Gurudumu likatoka, nikaona baridi za miaka kumi na mmoja:
chumvi wanayoimwaga mlimani ili tusiteleze
imekula chuma polepole, bila hasira.
Ukingo wa diski umeota mdomo. Nilipitisha ukucha, ukakwama.
Kipimo kikasema milimita kumi na nane.
Pembeni, kwa herufi za mchwa, kiwanda kimeandika:
mwisho kumi na tisa.

Skrubu moja.
Moja tu, ndogo, ndiyo inayoshika diski, na ilikataa.
Nikaimiminia mafuta, nikaenda kunywa chai.
Nikarudi. Bisibisi ikaitafuna kichwa.
Tindo, nyundo, tusi la marehemu babu,
nyundo tena,
ikageuka nusu nywele, halafu ikakubali yote kwa mara moja,
kama mtu aliyekuwa anasubiri kuombwa vizuri.

Diski nayo niliipiga kwa nyuma, ngo, ngo,
hadi pan Bohumír akafungua dirisha, akatazama, akalifunga.

Kalipa nilikuwa nimeifunga kwa waya kwenye springi,
isining'inie kwa mpira wake.
Ndipo nikazitazama pedi.
Ya nje nene, karibu mpya.
Ya ndani imekwisha, limebaki bati,
bati lililokuwa likisaga chuma kona kwa kona.
Pini ya kalipa ilikuwa imeganda.
Moja ilibana, nyingine ikasindikiza.

Nikakaa juu ya ndoo.
Radim yuko Brno. Hupiga simu kila Jumapili,
sauti nene, yenye afya: mama mzima?
Mzima, nasema.
Simlaumu, au namlaumu kidogo tu.
Pini iliganda kwa sababu hakuna aliyeipaka grisi,
na kopo la grisi, miaka yote hii,
lilikuwa rafuni kwangu.

Basi: brashi ya waya kwenye kitovu hadi kinga'e.
Diski mpya, nikaifuta mafuta ya kiwandani.
Pistoni nikairudisha ndani taratibu, pini nikazivuta, nikazisugua, nikazipaka.
Upande wa pili vivyo hivyo, ila skrubu yake ilitoka bila maneno.
Kanyagio la kwanza lilizama hadi sakafuni, moyo ukazama nalo;
la tatu likasimama, gumu, la kweli.
Halafu barabara ya bondeni, mara kumi:
sitini, punguza hadi kumi, usisimame,
ziache zizoeane.

Jumapili simu ikalia.
Kabla hajauliza nikasema: Radim, Alhamisi
mama ana daktari Šumperk. Mshushe wewe.
Akanyamaza.
Breki mpya mwanzoni hutoa harufu ya kuungua.
Si ubovu. Ndiyo kwanza zinagusana.
Nikashika simu, nikasubiri.